Chuma Nilichokuwekea Mdomoni

Kwako Mwamini, ambaye wiki hii yote umekula kwa jirani na sufuria ya mama yako iko mekoni.

Umekwenda kuwaaga shoga zako, nami nimekaa kwenye meza yangu ya kazi, nimesukuma nta na plasta pembeni, naandika. Nilitaka kuandika Kifaransa ili uone kwamba jambo ni zito, halafu nikakumbuka tabia yako ya kusahihisha Kifaransa changu hata tukiwa tumenuniana. Basi utasoma Kiswahili. Makosa utakayoyakuta humu hayatakuwa ya lugha.

Sikuandikii mambo ya koti, wala ya chakula, wala namna ya kuishi na watu wa Tunis. Hayo majirani wote wa mtaa huu wa Hewa Bora wamekuambia mpaka masikio yamechoka, na wengi wao hawajawahi kuvuka hata mto Kafubu. Unakwenda kusomea kutengeneza meno, kazi ya mama yako, na kabla ya kuondoka umeniuliza swali moja. Sikulijibu. Nilipiga kelele tu.

Ilikuwa Jumapili. Ulikuwa unasoma kwenye simu yale masomo waliyokutumia kutoka shuleni, ukafika kwenye vyuma vya kuroni, hizi kofia za jino ambazo zimetulisha mimi na wewe tangu baba yako afariki. Ukainuka, ukaja hapa mezani. Jirani yetu mama Kapinga alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage.

"Mama, hapa banasema nikeli inakatalaka bantu bengine. Banasema uangalie hereni. Kama hereni ya soko inamuwasha muntu, usimutilie nikeli mu kinywa." Ukagusa sikio. "Miye hereni ilikuwaka inaniwasha. Weye ulikuwa unajua?"

Nikaruka juu. "Njo asante yako hiyo? Nimeharibu macho yangu na moto juu ya kukulisha weye, leo unakuya kuniuliza sawa polisi?"

Hukupandisha sauti. Afadhali ungepandisha. Ulisema, "Bon. Usinipeleke ku ndege, kule Luano. Nataka mujomba Saidi njo anipeleke." Kisha ukaenda kula kwa mama Kapinga, naye akajifanya hakusikia lolote, akakukatia bonge la bukari.

Ulijua unachokifanya. Ulijua kwamba tangu ulipokuwa tumboni sijakanyaga mlango wa Saidi. Ulitafuta mahali pa kunipiga ukapapata mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipoona kwamba wewe ni mtoto wangu kweli.

Jibu ni hili: nilijua. Nimeliweka mapema ili usipekue karatasi kulitafuta. Ukitaka kuichana barua hapa, ichane. Ila nataka ufahamu nilijua kwa namna gani, kwa sababu unaingia kwenye kazi ambayo mtu anaweza kujua hivyo kila siku na akalala usingizi.

Babu yako alikuwa sonara. Watu wa Maniema walioko hapa mjini walimjua wote, na hata akina mama Wakatoliki wa kambi ya reli walikuja kwake kwa pete za ndoa. Ndivyo nilivyokutana na baba yako, kijana wa watu wa Kabalo aliyemsindikiza dada yake. Baba yangu alitengeneza hereni, pete, bangili, na mara moja moja meno, maana zamani mfanyabiashara akifanikiwa alitaka jino la dhahabu lionekane anapocheka. Mwalimu wa msikiti alinuna, akasema dhahabu si pambo la mwanamume. Baba akamjibu kwamba jino lililooza ni ugonjwa, na yeye anauza dawa.

Nilikua nikiitazama mikono yake. Alichonga umbo kwa nta, akalizungushia udongo, akauchoma mpaka nta ikatoka, akamwaga dhahabu mahali nta ilipokuwa. Nikiomba kuvukuta moto aliniruhusu. Nikiomba kumwaga, alisema, "Kumwanga dhahabu haiko kazi ya mwanamuke. Ita Saidi." Saidi ni mdogo wangu, na kazi ile hakuipenda hata kidogo. Alikuja akiburuta miguu, akamwaga, akarudi kwenye mpira. Mimi nilibaki kufagia, nikiokota kwa macho kila alichokosea.

Mimba yako ilipokuwa kubwa, baba alikuwa hainuki tena kitandani. Alimwita Saidi mbele yangu, akampa punje ya dhahabu iliyofungwa kwenye kitambaa. "Akizaliwa mwanamuke, hii njo ya masikio yake." Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mtoto wa kike akimaliza arobaini anatobolewa, na hereni zake za kwanza ni za mkono wa babu. Nilimuuliza kwa nini asinipe mimi, mama mtu. Akasema dhahabu inakaa na vifaa. Na vifaa vilikuwa vinakwenda kwa Saidi.

Hakuishi wiki nyingi baada ya hapo. Siku ya hitima, wanawake wakiwa wanasugua masufuria uani, nilimwona Saidi akipakia koleo na mizani na chungu cha kuyeyushia kwenye gari. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Mulango ya Saidi miye sitaikanyaga. Kulomba kitu kwake, hapana, mpaka nikufe." Wanawake wale wakaitikia, ee. Ningeyasema chumbani peke yangu, labda ningeyasahau baada ya mwezi. Lakini niliyasema mbele ya watu, na watu wale nilikuwa nakutana nao sokoni.

Saidi alihamia Kasomeno, akaanza kununua samaki wa mto Luapula. Vifaa vya baba vilikwenda kukaa ghalani, chini ya magunia. Hata pete moja hakutengeneza.

Ukazaliwa wewe, mwanamke. Arobaini ikaisha. Dhahabu yako ilikuwa Kasomeno. Saidi hakuileta, kwa sababu naye alisikia niliyosema, na mimi sikuifuata, kwa sababu niliyasema. Nikaenda sokoni nikakununulia hereni zinazong'aa kuliko za babu. Masikio yako yakavimba, yakatoa maji, ukalia usiku kucha. Nikazitoa, nikakuwekea vijiti vya ufagio vilivyopakwa mafuta, yakapona. Nikanunua nyingine, za duka la pale mjini, yakavimba tena. Mwisho nikakuacha na vijiti, na baadaye uzi mweusi; hata ulipokua ukajaribu za shoga zako, zilikuwasha. Watu wakiuliza nilisema mtoto hapendi hereni. Mtoto ambaye hata kukaa bado!

Wakati huo nilikuwa nimeshaingia kwenye maabara ya meno ya kliniki moja ya katikati ya mji. Niliingia kufuta meza. Ndani ya mwaka nilikuwa nachonga nta, kwa sababu kazi ilikuwa ile ile ya baba: nta, plasta, moto, kumwaga. Chuma tu ndicho kilikuwa kingine. Dhahabu ilikuwa imeshawashinda watu kwa bei, na mahali pake iliingia nikeli iliyochanganywa na kromu. Ni chuma kigumu, kinapakwa kauri nyeupe juu, kinaingia tanurini bila kulegea, na mgonjwa anatoka na jino linalofanana na la jirani yake. Siku nilipomwaga peke yangu mara ya kwanza, nikavunja plasta na kukuta kuroni imetoka nzima, nilikimbilia chooni nikajifungia na kucheka kama mwendawazimu. Nilitamani baba angekuwa hai ili nimwoneshe, na nilitamani hivyo kwa ubaya.

Mkubwa wetu wa maabara hakutuficha kitu. Alitueleza kwamba kuna watu ambao miili yao haikitaki chuma hiki, fizi inawaka, na kwamba njia rahisi ya kuwajua ni kuuliza juu ya hereni za bei ndogo, saa ya mkononi, kifungo cha suruali. Niliyasikia maneno hayo nikiwa na mtoto mwenye vijiti masikioni nyumbani. Niliyasikia vizuri sana. Nikaendelea kukoroga plasta.

Miaka ikapita mpaka siku ile ya pampu. Ulikwenda kuteka maji, mwenzako akauachia mkono wa pampu, ukakupiga mdomoni. Jino la mbele likakatika katikati. Ulirudi na ndoo imejaa na kanga imeloa damu, na cha kwanza ulichoniambia ni kwamba maji hayakumwagika.

Sasa hapa ndipo unapotaka kujua, fundi mpya. Nilikuwa na nini cha kukuwekea?

Resini ilikuwepo. Unajua ni plastiki, inalika, inageuka njano baada ya muda, lakini isingekudhuru, na ungekaa nayo tukitafuta kingine. Nikaona aibu. Mtoto wa fundi avae plastiki! Kobalti na kromu nazo zilikuwa zimeanza kuingia. Hebu nicheke kidogo, ingawa hakuna cha kuchekesha: kobalti inachimbwa chini ya miguu yetu, malori yanapita nayo kila siku na kutujaza vumbi machoni, lakini ile ya meno ilitufikia kutoka Ulaya, vipande vidogo kwenye pakiti safi, na ilibidi uiagize na uingoje. Sikutaka kungoja. Zirkoni, hiyo nyeupe unayokwenda kujifunza kuikata kwa mashine, wakati ule tuliisikia kwa wasafiri tu.

Na dhahabu ilikuwepo. Ni fizi chache mno zinazoikataa dhahabu, na yako ilikuwa imeshatengwa kwa jina lako kabla hujazaliwa.

Najua utakachosema, maana umeshasoma. Dhahabu ya sonara haivumilii tanuri la kauri, itayeyuka kabla kauri haijaiva. Ni kweli. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mwenyewe usiku ule na nikairidhia. Lakini mafundi wa zamani walikuwa wanatengeneza kuroni ya dhahabu na kuiachia dirisha mbele, kisha wanajaza dirisha kwa resini ya rangi ya jino. Nyuma dhahabu, mbele jino, fizi salama. Nilizitengeneza mimi mwenyewe kwa wazee wawili watatu waliokuja na pete zao. Kazi yenyewe isingenishinda. Kilichonishinda ni kupanda basi la Kasomeno.

Nikachonga nta yako. Sijawahi kuchonga nta nzuri kama ile, Mwamini, mpaka leo. Nikamwaga nikeli.

Dokta aliyekuweka kwenye kiti aliuliza, kama inavyotakiwa kuulizwa. Ulikuwa umelala, mdomo una ganzi, pamba zimejaa shavuni. "Mutoto iko na allergie ya métal? Hereni haimusumbuake?" Ukanigeuzia macho. Usingeweza kusema, kwa hiyo ulinitazama ili niseme. Wenzangu wa maabara walikuwa wamejipanga mlangoni kuona jino la mtoto wa Zubeda litakavyokaa. Nikajibu, "Hapana, dokta. Iko bien."

Likakaa vizuri ajabu. Wale wa mlangoni walipiga makofi. Mwanamke aliyekatazwa kumwaga amemwaga, na limekaa mdomoni mwa mwanawe bila kuhitaji kusuguliwa hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimekushika mkono, nikatembea katikati ya barabara kama bibi harusi.

Unakumbuka yaliyofuata. Mgeni akija nilikuita. "Mwamini, kuya hapa. Cheka kiloko, bakuone." Nawe ulicheka. Nilipata wateja kwa kicheko chako, walimu, wake za wafanyabiashara, hata padri mmoja. Ulikuwa na miaka kumi na nne, na nilikufanya ubao wa tangazo.

Halafu fizi ikaanza. Kwanza ukingo mwekundu, mwembamba, ukiutazama haraka huuoni. Nikautazama haraka. Kisha ikavimba, ikawa zambarau, ikatoa damu ukiuma mkate. Nikaacha kukuita mbele ya wageni. Nikaanza kukuambia: piga mswaki. Unapiga vibaya. Una haraka. Unakula sukari. Nawe ukapiga mswaki asubuhi, ukapiga mchana, ukapiga kabla ya kulala, ukachubua mpaka fizi nzima, mtoto wa watu, ukidhani uchafu ni wako.

Kuna vitu nimejisamehe. Kumwaga ile nikeli karibu nimejisamehe, kwa sababu ilikuwa siku moja na kiburi kilinipanda. Ule mswaki sijaweza. Uliendelea miaka, na kila asubuhi nilikuwa naweza kuunyamazisha kwa neno moja. Nilikusikia pale bombani, nikakaa jikoni, nikachochea chai.

Ukajifunza kucheka na kiganja mdomoni. Kwenye harusi ya binti wa mama Kapinga mpiga picha alikuambia utoe mkono, ukatoka kwenye mstari, ukasema umesahau kitu ndani. Nilikuona ukikaa jikoni na masufuria mpaka picha zikaisha. Nilikuja pale mlangoni. Ulidhani nimekuja kukuambia kitu, ukainua uso. Nikachukua sahani nikatoka.

Sina haki ya kukushauri, lakini nitakushauri hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mwingine nyumbani humu anayejua vyuma. Huko watakuambia zirkoni haimkatai mtu. Inawezekana. Na sisi tulipoletewa nikeli tuliambiwa ndicho chuma cha watu wa kisasa, na dhahabu ni ya vikongwe. Kila chuma kinakuja na watu wa kukisifu. Wewe muulize mgonjwa, kisha mngoje ajibu yeye mwenyewe, siyo mama yake. Akiwa na ganzi, mngoje ganzi iishe. Na kazi yako ikikupendeza sana, ikikupendeza mpaka unataka kuita watu, iweke chini utoke nje kwanza. Mimi nilipokosea nilikuwa nimefurahi. Siku za uchovu na hasira nilikuwa mwangalifu, sikumuumiza mtu.

Na neno ulilolitamka mbele ya watu unaweza kulirudisha. Linarudi. Linaumiza koo likirudi, lakini halimwui mtu. Nimelijua hilo Jumatano, nikiwa na mvi.

Jumatano nilikuambia nakwenda kununua plasta. Nilipanda basi la Kasomeno. Njia nzima nilipanga maneno, nikayapanga kwa heshima, kwa kujitetea, kwa kumkumbusha yeye ni mdogo. Nikamkuta mbele ya ghala lake ananyanyua magunia ya samaki. Amezeeka. Ana mgongo wa baba.

"Yaya," akasema, akiniita dada mkubwa kama zamani, na akaweka gunia chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi umekuya kufanya nini?"

Maneno yote niliyopanga ndani ya basi yakapotea. Nikasema, "Nimekuya kulomba. Mwamini anaenda Tunis Jumamosi. Anataka weye njo umupeleke Luano."

"Na weye?"

"Miye hapana. Amenikatala."

Akacheka, kicheko kibaya, halafu akaona uso wangu akaacha. "Kumbe unajuaka kulomba," akasema. Akaniingiza ndani. Mke wake akaleta chai, akatuacha. Nikamweleza kila kitu, kuhusu hereni na pampu na jino. Alisikiliza akikwangua magamba ya samaki kwenye kucha.

"Niliiona fizi ya mutoto ku matanga ya shangazi," akasema. "Nikajua ni chuma. Miye nilikuwaka sonara ya bure, lakini ile nilijua."

"Na haukusema?"

"Ungenisikia?"

Nisingemsikia. Wewe unajua nisingemsikia.

Nikamuuliza juu ya dhahabu. Sikuwa na haki, lakini nilishaanza kuomba, nikaona niendelee. Aliingia chumbani, akatoka na kitambaa kile kile, kimegeuka rangi. Akakifungua mbele yangu. Punje ipo. Hata mke wake alipougua na wakauza baiskeli na radio na shamba, hakuigusa. Nikanyoosha mkono.

Akakikunja kitambaa. "Hapana, yaya. Hii haiko yako. Nitamupa mutoto, mu mukono yake mwenyewe. Nilikungojaka wakati ya masikio, haukukuya. Nikakungoja wakati ya jino, haukukuya. Leo njo umekuya, kulomba motokari."

Nilirudi na basi la jioni. Nilitafuta hasira ya kumkasirikia sikuipata, na hilo lilinichosha kuliko safari. Ukweli ni kwamba naye angeweza kuileta. Tangu ulipokuwa na vijiti masikioni angeweza kupanda gari lake lile linalonuka samaki, akabisha hodi, akaniwekea mezani. Alikuwa anangoja nipige magoti. Watoto wawili wa sonara mmoja, kila mmoja amekaa mwisho wake wa barabara ya Kasomeno, na wewe katikati unatema damu kwenye beseni. Siyaandiki haya ili tugawane kosa. La kwake ni lake. Hasira ikikubakia njiani, mpe kidogo.

Sikuombi msamaha humu. Kuomba nimejifunza Jumatano tu, bado sijazoea, na barua ni njia rahisi mno kwa deni la namna hii. Siku ukitaka kuniona nikiomba, utanipigia, nitaomba ukisikiliza, na unaweza kukata simu katikati.

Ukifika Tunis usingoje mpaka ujifunze kuitoa hiyo kuroni mwenyewe. Mwendee mwalimu wako wiki ya kwanza, mwambie kuhusu hereni, mwambie kuhusu nikeli, aitoe. Fizi itarudi rangi yake, nimeshaona nyingi zikirudi chuma kikiondoka. Atakayeitoa ataipeleka kwenye mwanga, ataigeuza, atasema aliyetengeneza hii ana mkono mzuri. Atasema hivyo kwa sababu ni kweli. Usinitetee, na ukiweza usinitukane. Mwache aseme, kisha mwambie kwamba nilikuwa na habari zote.

Kesho mjomba wako atafika mapema. Nimemwambia asipige honi, aje mpaka mlangoni kama mtu wa nyumba hii, akusomee dua, akutoe yeye. Mimi nitakaa ndani kama ulivyotaka. Mama Kapinga amejaribu kunishawishi nitoke hata nisimame kizingitini, nikamwambia aniache. Umeniomba kitu kimoja tu tangu Jumapili.

Kabla hamjafika Luano atasimamisha gari na kukupa kitambaa. Kipokee kwa mikono miwili. Hiyo ni ya masikio yako, usikubali mtu akuyeyushie kwa jino. Wala usinipigie kunishukuru, maana babu yako ndiye aliyekupa, na mjomba wako ndiye aliyekutunzia. Nilichokupa mimi kiko mdomoni mwako.

Mama yako,
Zubeda